Mikate Ishirini na Mmoja Isiyokuwepo

Mimi ndiye niliyemtia mjomba wangu mnyororoni. Si askari, si akida, si Mzungu. Ni mimi, Mwaisha, kwa ulimi huu huu ninaokusimulia nao.

Sikiliza kwanza nilikotoka. Mwaka wa pili baada ya reli kufika Morogoro, mbiu ilipigwa sokoni: tumbaku yote na ugoro wote sharti upigwe muhuri wa Wadachi, muhuri wa buluu, na muhuri haupigwi bila ushuru. Atakayekutwa na tumbaku isiyo na muhuri, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo.

Mimi mjane wa Kilakala nilikuwa naishi kwa kutwanga ugoro. Askari wakakipasua kinu changu mbele ya wateja. Nikapanda mlimani kumwomba mjomba Pazi anipe majani ya tumbaku kwa siri. Akaninyima. Nikateremka nikibwata njia nzima, watu wakisikia: "Iko siku utajuta, mjomba! Iko siku!"

Maneno hayo yashike. Yatarudi.

Mjomba hakuwa mchoyo. Alikuwa mndewa, mkuu wa ukoo wetu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yako, ndiye ngao yako. Aliponinyima alikuwa anauhurumia mgongo wangu. Hilo nililijua baada ya kuchelewa.

Wiki ile ile, mama mkubwa Hidaya akafariki. Alikuwa dada yake mjomba, akiishi kwake kule juu. Tukazika, tukalala msibani, ikafika siku ya kuanua matanga.

Watani wakaja.

Msiba usio na watani una chumvi gani? Watani wetu ni Wazaramo. Mtani ataizuia maiti njiani, atamnyakua kuku wako amchinje, atamwigiza marehemu mpaka wafiwa wasahau kulia. Haruhusiwi kukasirikiwa. Nawe umjibu kwa uongo mkubwa kuliko wake. Atakayenuna ndiye mkosa.

Kinara wao alikuwa Mikidadi, mpagazi, mtu mrefu mwenye mdomo kama tarumbeta. Aliingia chumbani kwa marehemu huku wanawake tumejaa, akajifunga kaniki ya marehemu, akajitupa juu ya kitanda chake cha kamba, akaanza kukohoa kikohozi chake hasa.

"Mwaisha! We Mwaisha mvivu! Ugoro wangu uko wapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama mkubwa na ugoro walikuwa pua na tundu.

"Bibi, umekufa, bado unataka ugoro?"

"Huku ahera wamenizuia mlangoni! Wanasema pua yangu haina muhuri!"

Wanawake waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakashikana mbavu. Mimi nami sikubali kushindwa na Mzaramo. Sijapata kukubali.

"Acha kelele, mzimu wa pwani! Ugoro umeulalia! Chini ya kitanda hicho mjomba Pazi kaficha mikate arobaini ya tumbaku, na hakuna hata mmoja wenye muhuri. Lala uilinde!"

Mkate wa tumbaku, kwa asiyeujua, ni majani yaliyotwangwa, yakafinyangwa duara kama kitumbua kikubwa, yakakaushwa moshini. Chini ya kitanda cha marehemu! Nani angeificha tumbaku huko? Ndiyo maana ilichekesha. Wote walicheka.

Mjomba Pazi, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

"Arobaini kamili?" sauti ikauliza nyuma yake.

Nikageuka. Kijana wa kanzu safi na tarbushi, sahani ya wali mkononi. Sikumjua, wala sikuuliza. Msibani, mtu usiyemjua ni mtani wa mtu. Huo ndio ujinga wangu, na hakuna aliyezaliwa milimani kwetu ambaye asingeufanya.

"Kamili!" nikamjibu. "Nimeihesabu kwa vidole vyangu. Vilipoisha nikaazima vya Mzaramo huyu."

"Na nani aliibeba kuileta hapa?"

"Huyo huyo aliyelala! Ndiye mpagazi wake. Analipwa nazi mbovu."

Mikidadi akainua kichwa kitandani. "Uongo! Nazi zenyewe sijapewa mpaka leo!"

Kicheko tena. Kijana akaiweka sahani chini kwa adabu, akajifuta vidole, akatoa daftari kifuani mwa kanzu. Akalamba ncha ya kalamu ya risasi. Akaandika.

Mikidadi ndiye aliyetanabahi kwanza. Akaketi.

"Ndugu yangu, kwenu wapi?"

"Pangani."

"Umekuja na watani gani?"

"Sikuja na watani. Mimi ni karani wa akida, naitwa Rehani. Akida amenituma nilete rambirambi zake."

Mikidadi akaanza kuifungua kaniki ya marehemu, taratibu, kama mtu anayefungua kidonda.

"Karani," nikasema, "yale yalikuwa utani."

"Vizuri, dada. Nami nimeyaandika tu. Kama ni utani hakuna hasara. Askari wataangalia, wataondoka."

Nikapumua. Nikacheka hata. "Waangalie! Watakuta kokwa za maembe na viatu vya marehemu!"

Kisha nikamtazama mjomba. Alikuwa ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

Askari wawili waliokuja na karani waliitwa kutoka jikoni walikokuwa wakila. Wakakisukuma kitanda. Wakavuta mkeka. Udongo wa chini yake ulikuwa mbichi.

Mwenyezi Mungu, nilichimba kaburi kwa mzaha, na ndani mlikuwa na mtu.

"Hiyo ni tumbaku ya wazee waliolala," mjomba akasema, sauti imemkauka. "Kila nyumba ya ukoo huleta mkate mmoja baada ya mavuno. Mvua ikikawia, namega, nawapa mizimu. Haiuzwi hiyo. Haijapata kuuzwa."

Ilikuwa pangoni miaka yote. Alipoona askari wanapekua mapango, aliihamisha. Akasema moyoni: askari gani atapekua chini ya kitanda cha maiti? Hakumwambia mtu. Mahali pale palijulikana na mtu mmoja duniani, na mjinga mmoja akapataja bila kupajua.

"Mizimu ina cheti cha ushuru?" karani akauliza. Wala hakuwa anakejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mizimu hailipi ushuru, kijana."

"Kila anayetumia tumbaku hulipa, mzee. Hivyo ndivyo mbiu ilivyosema. Haikutaja walio hai."

Wakaitoa mikate, wakaipanga uani juu ya mkeka tuliokuwa tumelalia msibani. Karani akahesabu. Akahesabu tena. Akafungua daftari.

"Kumi na tisa."

"Ndiyo yote," mjomba akasema.

"Hapa pameandikwa arobaini. Mingine ishirini na mmoja iko wapi?"

"Haipo!" nikapiga kelele. "Haijapata kuwepo! Niliitunga mimi kinywani mwangu!"

Karani Rehani akanitazama kwa upole. Upole ule bado unaniuma kuliko kofi.

"Dada, ulisema iko chini ya kitanda, na chini ya kitanda tumeikuta. Ulisema haina muhuri, na haina. Kwa nini hesabu peke yake ndiyo iwe uongo?"

Ewe unayenisikiliza, wewe ungemjibu nini?

Wakamfunga mjomba Pazi shingoni. Wakamfunga Mikidadi kwenye mnyororo huo huo, maana mpagazi naye alitajwa. Na walipokuwa wakiondoka, karani akanigeukia mbele ya ukoo mzima, akavua tarbushi.

"Serikali inakushukuru, dada."

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, na mwingine akapokea, na mwingine: "Si alisema iko siku atajuta? Si alisema mwenyewe?"

*

Asubuhi nilikuwa barazani kwa akida kabla hajamaliza uji wake.

Akida Salehe alikuwa mtu mnene, mwenye pumu na wake wawili. Nilipiga magoti. Nikamweleza kila kitu: kitanda, kaniki, nazi mbovu. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Utani naujua, bibi. Mke wangu mdogo ni Mzaramo, shemeji zangu wamenilia mbuzi watatu kwa utani huo huo. Mimi naujua. Karatasi haiujui."

"Basi ifute, bwana akida."

"Imekwisha kwenda mjini kwa Bwana Chafya."

Bwana Chafya ndiye Mzungu wa ushuru wa tumbaku. Jina lake la kwao lilitushinda. Tulimwita hivyo kwa sababu akikaribia tumbaku tu, pua yake inamsaliti.

Akida akainama, akashusha sauti.

"Karatasi inasema arobaini. Mimi mkononi nina kumi na tisa. Mzungu akifika atauliza nani kala ishirini na mmoja. Hapo atamtazama nani? Atamtazama askari? Atamtazama karani? Bibi, nina watoto tisa. Nisaidie."

Nilikuja kumwangukia miguuni, na yeye ananiangukia mimi. Ndipo nilipoogopa kweli kweli. Kama akida anatetemeka, nani basi ameshika kamba ya jambo hili?

"Anakuja Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Arobaini ikitimia, tumbaku itachomwa moto, mjomba wako na mpagazi wake watakwenda kwao. Hilo Mzungu ameahidi, maana ataka tumbaku itoke mafichoni. Isipotimia, hamsa ishirini kila mmoja, na mnyororo mpaka itimie."

"Hata ile isiyokuwepo?"

"Hasa hiyo."

Mjomba wangu alikuwa na kifua. Usiku wa baridi alikohoa mpaka majirani wakamwombea. Viboko vitano vingemmaliza, seuze ishirini na vitano.

Nikapanda mlima kwenda kwa mkewe, Paskalia. Huyu alikuwa Mkristo wa misheni, kimya kama maji ya mtungini, na mtoto mchanga, Regina, mgongoni. Nilimkuta akichambua maharage.

"Mkaza-mjomba, shikamoo."

"Miguu yangu usiishike. Kashike ya akida."

"Nisikilize tu. Nina shauri..."

"Shauri lako la mwisho limemvika mume wangu chuma." Hakuinua macho. "Yangu nayajua mwenyewe, Mwaisha. Nitayafanya mwenyewe. Wewe shuka."

Nikashuka. Laiti ningemuuliza: mambo gani hayo utayafanya? Neno moja tu. Lakini nilikuwa na haya, na yeye alikuwa na hasira, na kati ya haya na hasira hapapiti hata sisimizi.

Siku ya pili nikawakuta wafungwa wakivunja mawe barabara ya kwenda Mzumbe. Mikidadi aliniona kutoka mbali.

"Mluguru! Karibu, karibu! Tazama ulivyonipandisha cheo. Kazi ya serikali, chakula bure, na mkufu wa shingoni!"

Nikalia papo hapo.

"Usilie bwana. Ukilia itabidi nikuhurumie, na mtani haruhusiwi." Akapiga jiwe nyundo. Niliona shingo yake ilivyochubuka chini ya chuma, akaona nimeona, akaifunika kwa mkono. "Wanasema bado ishirini na mmoja?"

"Haipo, Mikidadi. Unajua haipo."

"Ulisema arobaini. Basi timiza arobaini. Kwani tumbaku ya uongo inanuka tofauti?"

Nilidhani ni utani. Kisha nikaona macho yake.

Mjomba Pazi alikuwa kwenye pingili iliyofuata ya mnyororo. Amenipa mgongo.

"Shikamoo, mjomba."

Nyundo ikapanda, ikashuka.

"Mjomba, shikamoo."

Kuna matusi ya kila namna duniani. Hakuna linalolifikia lile la kuiacha shikamoo ya mtoto wako ikining'inia hewani bila marahaba. Nikaondoka nayo kama nilivyokuja nayo.

*

Sasa sikiliza maajabu ya sheria. Iliwekwa ili tumbaku isiyo na muhuri isitwangwe. Mimi ilinifanya niitwange, kwa siku tano, kuliko nilivyotwanga mwaka mzima.

Majani niliyatoa wapi? Kwa vikongwe. Kila ajuza wa Kilakala alikuwa na mashina mawili matatu ya tumbaku nyuma ya jiko, ya pua yake mwenyewe. Nilizunguka na kikapu nikisema ni kwa ajili ya Pazi. Walinipa majani. Mkono hawakunipa. Mmoja aliyaweka chini akasogea nyuma ndipo nikayaokota, kama mtu anavyomwekea mbwa.

Kinu sikuwa nacho. Jirani yangu Furaha, peke yake aliyekuwa bado ananisemesha, akaniazima chake.

"Lakini mlio wa tumbaku si mlio wa mahindi," akasema. "Hata kiziwi ataujua."

"Basi twanga nawe mahindi hapa kando yangu. Tupokezane."

Tukatwanga mchana kweupe, yeye mahindi, mimi hamsa ishirini yangu. Mlio tuliuficha. Vumbi tungelifichaje? Alianza kupiga chafya mama wa nyumba ya tatu. Akafuata mumewe. Mara ujirani mzima ni chafya tupu, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Askari wa zamu akapita, akapiga chafya mbili, akasimama uani kwetu huku macho yakimtoka machozi.

"Mahindi gani haya, nyie wanawake?"

"Mahindi ya Kilakala, afande," Furaha akajibu bila kupepesa. "Makali."

Askari akajifuta, akatuangalia, akaenda zake. Naye alikuwa mtoto wa mtu.

Nikafinyanga. Nikaanika uchagani juu ya moshi. Mikate ishirini na mmoja, kila mmoja ukubwa wa ile ya wazee, kila mmoja nimeupaka masizi na udongo uonekane umezikwa. Alhamisi jioni niliihesabu, nikaihisi kama watoto wangu wa kuzaa.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nililala usingizi.

*

Ijumaa, baada ya jua kupanda, baraza ilijaa. Bwana Chafya alikuwa amekaa kwenye kiti cha akida, leso nyeupe puani, buti zake zina vumbi la reli. Mikate kumi na tisa ya wazee wetu ilikuwa mbele yake mkekani. Mjomba na Mikidadi walisimama pembeni na mnyororo wao. Mjomba alikuwa amekonda. Alikohoa, na kila akikohoa shingo ya Mikidadi ilivutwa.

Nikaingia na kikapu kichwani.

"Nimeleta iliyopungua," nikasema.

Karani Rehani akahesabu mmoja mmoja. "Kumi na tisa, na ishirini na mmoja. Arobaini." Uso ukamng'aa, kijana wa watu. Alipenda hesabu itimie. "Arobaini kamili, kama alivyosema mwanzo!"

Akida Salehe akashika kifua. "Alhamdulillahi."

Bwana Chafya akatikisa kichwa kukubali, akapiga chafya moja. Askari akaanza kutafuta ufunguo mfukoni. Mikidadi akanikonyeza. Nikasema moyoni: yamekwisha.

Ndipo watu wa nyuma walipoanza kupisha njia.

Paskalia alikuwa anateremka kutoka mlimani, vumbi hadi magotini, Regina mgongoni na kikapu kichwani. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kama vyangu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akakitua kikapu mkekani.

"Nimeleta iliyopungua," akasema.

Karani hakuihesabu mara moja. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akainama. Wote tulihesabu pamoja naye, kimoyomoyo. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Ishirini na mmoja.

"Sitini na mmoja," akasema polepole, na tabasamu likamwondoka usoni.

Wiki nzima! Yeye juu mlimani, mimi chini bondeni, kila mmoja na kinu chake, kila mmoja na chafya zake, kila mmoja akimkomboa mtu yule yule. Na kati yetu njia ya mwendo wa asubuhi moja, ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Bwana Chafya alikuwa ameacha kupiga chafya. Aliokota mkate mmoja wangu, akaunusa kwa mbali. Akaokota wa Paskalia. Akasema maneno machache ya kwao, wala hakupandisha sauti. Karani akafasiri.

"Bwana anasema, iliyofichwa ilikuwa arobaini. Imeandikwa. Basi mzigo mmoja kati ya hii ni wa kweli, na mwingine umetwangwa baada ya mbiu. Aliyeutwanga anafungwa leo, na hamsa ishirini yake ni leo."

"Nami ninao wa tatu, bwana!" Mikidadi akadakia. "Nimeuficha tumboni!"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona Mzaramo akitania na watu wakanyamaza. Akainamisha kichwa.

"Anayejua ni mwenye mali," karani akaendelea. "Mzee Pazi, mzigo wako ni upi? Uonyeshe, nawe utafunguliwa, na aliyeuleta atakwenda zake. Ukikataa kusema, wote wawili wanafungwa, nawe unabaki."

Hapo tu ndipo Paskalia aliponitazama. Akaviona viganja vyangu. Nikaviona vyake. Regina akaanza kulia njaa, naye akamtingisha bila kujua anamtingisha.

Nikawasikia watu wa ukoo nyuma yangu.

"Mwaisha ni damu. Mndewa hatoi damu."

"Damu gani? Si ndiye aliyemuuza?"

"Mke ni wa ukoo mwingine."

"Na mtoto huyo mgongoni?"

Nataka kukwambia ukweli, na huu ndio ninaouonea haya kuliko utani wote niliowahi kuutoa. Ningeweza kusema. Maneno manne tu yalitosha: mzigo wangu ni uongo. Ulimi uliokuwa mwepesi kitandani pa marehemu, uliowashinda Wazaramo, uliojaza chumba kicheko, siku ile ulikuwa jiwe la kusagia. Nilimwona mtoto analia mgongoni kwa mwenzangu, na nikamwomba Mungu mjomba aninyooshee kidole mimi, niende zangu.

Mjomba Pazi akakohoa. Akatema mate pembeni kwa adabu. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuanua matanga, akaniangalia usoni kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Ilikuwa ni jibu la shikamoo yangu ya barabarani. Alikuwa ameitunza siku zote hizo. Lakini marahaba hujibiwa anayekaribishwa, na hujibiwa pia anayeagwa, na uso wake haukuniambia mimi ni yupi.

Akainua mkono kuonyesha, na mnyororo ukalia shingoni mwake.